Somo la 9: Falme Zinazopita na Kiambaza Kilichobaki

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Danieli 2:20, 21, 31–45, Isaya 40:15–17, Zaburi 146:3–7, Matendo 4:32–5:4, Mathayo 20:25–28, Waefeso 2:11–19, Warumi 12:15–18.

Fungu la Kukariri: Zaburi 146:3 (likaririwe kutoka katika Biblia yako).

Wazo Kuu: Mungu huziondoa tawala kubwa za dunia, lakini kuanguka kwa utawala hakubadilishi moyo wa mwanadamu. Kazi hiyo ni ya Kristo peke yake.

Tarehe 9 Novemba 1989 watu wa Berlin walianza kuuvuka ukuta uliowatenga tangu mwaka 1961. Tarehe 25 Desemba 1991 Mikhail Gorbachev alijiuzulu urais wa Umoja wa Kisovyeti, na bendera nyekundu yenye nyundo na mundu ikashushwa katika ikulu ya Kremlin. Mashindano ya Marekani na Urusi, yaliyodumu zaidi ya miaka 40, yakaisha bila ile vita kuu ya nyuklia ambayo dunia nzima iliiogopa.

Kwa Pemba habari hizo hazikuwa za mbali. Mataifa yaliyoshindana yalikuwa yameacha alama zao visiwani: majengo, hospitali, na namna ya kuuza karafuu na kupata mchele. Yalipomaliza ugomvi wao, upepo wa mabadiliko ulivuka bahari ukafika Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni. Watu wengi walitumaini kwamba sasa amani imefika. Juma hili tutajifunza kwa nini tumaini hilo lilichelewa, na mahali ambapo tumaini la kweli hupatikana.

JUMAPILI
Wakubwa Wawili Wafika Visiwani

Soma Danieli 2:31–43. Nebukadreza alionyeshwa sanamu ya namna gani? Madini yake yanabadilikaje kutoka kichwani hadi miguuni?

Danieli alimweleza mfalme kwamba kichwa cha dhahabu ni Babeli. Baada yake zingefuata falme nyingine, ambazo historia inazijua kuwa Umedi na Uajemi, Uyunani na Rumi. Miguu na vidole ilikuwa mchanganyiko wa chuma na udongo: nguvu na udhaifu pamoja, vitu visivyoshikamana. Tangu Rumi igawanyike, hakuna aliyefaulu kuunda dola moja ya kutawala wote, ingawa wengi wamejaribu.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia ilionekana kana kwamba dunia itagawanywa kati ya wakubwa wawili. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Serikali mpya ya Sheikh Abeid Amani Karume ikaitambua Ujerumani ya Mashariki wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijaitambua. Wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, Urusi na Uchina wakaanza kuwasili. Wakati huohuo Wamarekani walikuwa na kituo huko Tunguu, Unguja, cha kufuatilia vyombo vyao vya anga. Mwaka huohuo wa 1964 wakatakiwa kukiondoa. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaandika kwa hofu juu ya visiwa ambavyo wasomaji wao wengi hawakuwahi kuvisikia. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana, na hofu ya mashindano hayo ya kimataifa ni mojawapo ya mambo ambayo wanahistoria huyataja wanapoeleza kwa nini Muungano ulikuja haraka hivyo.

Soma Isaya 40:15–17. Nabii analinganisha mataifa na nini? Anavitajaje visiwa?

Mbele za Mungu, mataifa yote ni kama tone dogo lililobaki ndooni. Fungu hili humnyenyekeza mkubwa na kumfariji mdogo. Mwenye makombora na mvuvi wa Kojani mwenye dau moja, wote wawili ni wadogo mbele zake, na wote wawili anawajua.

Tafakari: Unaposikia habari za mataifa makubwa yakishindana, ni nini kinachoujaza moyo wako kwanza, hofu, ushabiki, au maombi?

JUMATATU
Majumba, Karafuu na Mchele

Soma Zaburi 146:3–7. Kwa nini mtunga zaburi anatuonya tusiwategemee wakuu? Anataja sababu gani?

Sababu iliyotolewa ni nyepesi kueleweka: mkuu naye ni mtu. Siku pumzi yake inapotoka, anarudi udongoni, na mipango aliyokuwa nayo inaisha pamoja naye. Zaburi haisemi kwamba kila mkuu ni mwovu. Inasema tu kwamba hawezi kubeba tumaini lote la watu.

Ni haki kutaja mema yaliyofanyika. Serikali ya Mapinduzi iligawa ardhi eka tatu tatu kwa watu wasiokuwa na shamba, na ikatangaza elimu na matibabu bila malipo. Wajerumani wa Mashariki walisaidia kujenga majumba ya Kilimani mjini Unguja, na majumba ya maendeleo ya namna hiyo yakainuliwa Pemba pia. Mpaka leo anayeingia Wete huyaona kabla ya kuona kitu kingine. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakiwatibu watu wa visiwani tangu miaka ya 1960, na Hospitali ya Abdalla Mzee huko Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa Uchina na kufunguliwa mwaka 2016.

Lakini yalikuwapo na mengine. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na serikali ikawa mnunuzi pekee. Mkulima aliyepanda, aliyepalilia na aliyepanda juu ya mkarafuu kuchuma, alilipwa sehemu ndogo tu ya bei iliyopatikana ng'ambo. Wengine wakaamua kuzivusha usiku kwa magendo kwenda Kenya, wakihatarisha maisha yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chakula kutoka nje kilipunguzwa sana, na wazee wa Pemba bado wanakumbuka foleni za mchele. Hapakuwa na chama kingine wala gazeti huru la kupelekea malalamiko.

Soma Matendo 4:32–5:4. Petro alimwambia Anania nini kuhusu shamba lake na fedha zake?

Watu wengine husema kwamba kanisa la kwanza lilikuwa la kikomunisti. Fungu hili linaonyesha tofauti. Petro alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa chini ya mamlaka yake. Hakuna aliyelazimishwa. Waamini waligawana kwa sababu upendo uliwasukuma, na kosa la Anania lilikuwa uongo, halikuwa kumiliki. Ukomunisti ulitaka matunda ya upendo bila mzizi wake, na mahali pa upendo ukaweka amri.

Hata hivyo, asije mtu akahitimisha kwamba upande wa pili ndio uliokuwa ufalme wa Mungu. Yakobo 5:1–4 inawakemea matajiri wanaozuia ujira wa wavunaji. Mchuma karafuu anayedhulumiwa na mfanyabiashara huria amedhulumiwa sawasawa na yule aliyedhulumiwa na shirika la umma, na kilio chake kinafika mahali pamoja.

Tafakari: Je, unawapa wengine kwa sababu ya upendo, au kwa sababu ya kuogopa watu watasemaje?

JUMANNE
Ukuta Waanguka

Soma Danieli 2:20, 21 na Danieli 4:17. Ni nani anayeondoa wafalme na kuwaweka wengine?

Danieli aliomba sala hii akiwa mateka. Babeli ilikuwa katika kilele cha nguvu zake, na yeye alikuwa kijana wa taifa lililoshindwa. Bado alimsifu Mungu kuwa ndiye mwenye nyakati na majira mkononi mwake.

Mwaka 1985, Gorbachev alipoanza kuongoza, hakuna aliyedhani kwamba katika miaka saba Umoja wa Kisovyeti hautakuwapo. Ulikuwa na jeshi kubwa na maelfu ya silaha za nyuklia. Lakini maduka yalikuwa matupu, vita ya Afghanistan iliumiza, na watu walikuwa wamechoka kusema wasiyoyaamini. Mwaka 1989 serikali za kikomunisti za Ulaya ya Mashariki zilianguka moja baada ya nyingine. Mwezi Desemba mwaka huo Gorbachev na Rais George Bush walikutana Malta wakazungumza kama watu waliomaliza uadui. Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani mbili zikawa moja, na ile Ujerumani ya Mashariki iliyochora majumba ya Unguja ikafutika katika ramani. Majumba yakabaki, aliyesaidia kuyajenga hayupo.

Afrika nayo ilitikisika. Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Mengistu Haile Mariam akaikimbia Ethiopia Mei 1991. Msumbiji ikaacha siasa ya Kimarx, na Oktoba 1992 pande zilizopigana zikatia sahihi mkataba wa amani huko Roma. Lakini Somalia, iliyokuwa imepewa silaha na wakubwa wote wawili kwa zamu, ilivunjika mwaka 1991 baada ya Siad Barre kukimbia. Silaha zilibaki mikononi mwa watu hata baada ya waliozileta kupatana.

Kwa kazi ya Injili milango ilifunguka. Mwaka 1988, kabla ukuta haujaanguka, Waadventista walifungua seminari huko Zaoksky, karibu na Tula, katika nchi ambayo kwa miaka mingi mafundisho ya dini yalikuwa yamezuiwa.

Kuna onyo pia. Katika miaka ile ya uadui, wahubiri wengi duniani walifundisha kwamba Gogu wa Ezekieli 38 ni Umoja wa Kisovyeti, wakataja hata vita itakavyokuwa. Dola hiyo ikaondoka bila vita hiyo, na wasikilizaji wengine wakaidharau Biblia, wakati kosa lilikuwa la wafasiri. Unabii haufasiriwi kwa gazeti la asubuhi. Mwanafunzi wa Biblia huanza na Maandiko, hulinganisha fungu na fungu, na huwa mwepesi wa kunyamaza pale Maandiko yaliponyamaza.

Tafakari: Kwa nini ni hatari kuijenga imani juu ya tukio la kisiasa, hata kama linaonekana kutimiza unabii?

JUMATANO
Upepo wa Mageuzi Wafika Pemba

Soma Mathayo 20:25–28. Yesu anatofautishaje utawala wa mataifa na ukuu katika ufalme wake?

Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja. Mwanzoni mwa mwaka 1990, Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa bado mwenyekiti wa CCM, aliyatazama yaliyotokea Ulaya ya Mashariki akafungua hadharani mjadala juu ya mfumo huo. Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni. Kati ya waliotoa maoni, asilimia 77 hivi walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 21 hivi walitaka vyama vingi. Pamoja na hayo Tume ilipendekeza vyama vingi, na tangu Julai 1992 vikaruhusiwa kisheria.

Pemba iliyapokea mageuzi kwa shauku kubwa. Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, aliyekuwa Waziri Kiongozi kuanzia 1984 hadi 1988 na baadaye akawekwa kizuizini, akawa kiongozi mashuhuri wa chama kipya cha CUF. Uchaguzi wa Zanzibar ulifanyika tarehe 22 Oktoba 1995. Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif. Katika Baraza la Wawakilishi, majimbo yote 21 ya Pemba yalichukuliwa na CUF. CUF ikakataa matokeo, na miaka ya uchungu ikaanza. Tarehe 27 Januari 2001, baada ya uchaguzi mwingine uliobishaniwa, maandamano Pemba yalikutana na risasi. Watu wasiopungua 30 walikufa katika matukio ya siku hizo visiwani, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imetoa wakimbizi wake yenyewe.

Dunia ilikuwa imeambiwa kwamba mashindano makubwa yamekwisha. Lakini Pemba, ambako palikuwa na chama kimoja na ukimya, sasa pakawa na vyama viwili na uadui. Je, basi chama kimoja kilikuwa bora? Hapana. Ukimya wa hofu si amani, na haki ya kuchagua ni kitu chema. Lakini sanduku la kura linahesabu kura tu. Haliwezi kumfundisha aliyeshinda kutumika, wala aliyeshindwa kusamehe.

Yesu aliyasema maneno ya Mathayo 20 wakati wanafunzi wake wenyewe walipokuwa wakigombea viti. Hakuwaambia kwamba uongozi ni dhambi. Aliwaambia kwamba kwao mkubwa ni mtumishi. Mahali ambapo kanuni hiyo haipo, mfumo wowote, wa chama kimoja au wa vyama vingi, utatumika kuwakandamiza watu.

Tafakari: Kanuni ya Mathayo 20 ingebadilisha nini katika uchaguzi wa viongozi wa kanisa lako?

ALHAMISI
Kiambaza cha Kati

Soma Waefeso 2:11–19. Ni nini kilichowatenga Wayahudi na Mataifa, na Kristo alikifanya nini?

Biblia ya Kiswahili inatumia neno kiambaza, na watu wa Pemba wanalijua vizuri. Ni ukuta wa miti na fito uliokandikwa udongo. Mvua ikinyesha, udongo hutoka, na mwenye nyumba asipokandika upya, kiambaza huanguka chenyewe. Ndivyo ulivyo uadui kati ya majirani: hudumu kwa sababu kila siku kuna mtu anayeukandika, kwa neno, kwa kejeli, kwa kukumbusha ya zamani.

Baada ya mwaka 1995 uadui wa vyama uliingia mpaka ndani ya nyumba. Katika vijiji vya Pemba watu waliacha kununua katika duka la jirani wa chama kingine. Walisusa harusi. Walisusa hata maziko, jambo zito kabisa kwa mtu wa visiwani, ambaye tangu utoto amefundishwa kwamba maiti haina adui. Ndugu wa tumbo moja walipishana njiani bila salamu. Upande wa pili, watu walilalamika kupoteza kazi na nyumba kwa sababu ya kudhaniwa wafuasi wa upinzani. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, na kiambaza kilikuwa kinajengwa mlangoni.

Viongozi walijaribu kupatana. Muafaka ulitiwa sahihi Oktoba 2001. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana na kupeana mikono. Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura walikubali katika kura ya maoni kuwapo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Umoja huo ulivunjika baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, na ulirejeshwa mwishoni mwa mwaka 2020, miezi michache kabla Maalim Seif hajafariki Februari 2021. Juhudi hizo ni njema na zastahili kuombewa. Lakini kupanda na kushuka kwake kunaonyesha kwamba mkataba wa wakubwa haufiki moyoni mwa jirani mpaka jirani mwenyewe avuke.

Soma Warumi 12:15–18 na Yeremia 29:7. Mambo haya yanafanyikaje katika maisha ya kila siku?

Waadventista wa Pemba ni wachache, katika kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu. Wengi wao ni wageni waliokuja kwa kazi. Ni rahisi kwao kujifungia na kusema kwamba ugomvi huo hauwahusu. Lakini Mungu aliwaagiza mateka wa Babeli watafute amani ya mji waliohamishiwa. Mwamini apigaye kura kwa dhamiri yake na kunyamaza kejeli, anayenunua dukani kwa huyu na kwa yule, anayekwenda msibani kwa pande zote mbili na kutoa ubani wake kwa heshima, anayefundisha watoto wa wote kwa usawa, huyo anaacha kukandika kiambaza. Na mimbari ya kanisa isitumiwe kumpigia debe mgombea yeyote, kwa maana wanaoketi mbele yake hawakuitwa na chama.

Tafakari: Kuna mlango gani jirani ambao hujaugonga kwa muda mrefu? Ni nini kinachokuzuia kuugonga juma hili?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Danieli 2:44, 45, Isaya 32:17, Yakobo 3:17, 18, 1 Timotheo 2:1, 2.

Jiwe alilolionyesha Danieli lilichongwa bila kazi ya mikono ya mwanadamu. Halikuwa madini mengine yaliyoongezwa juu ya sanamu, wala halikuungana na chuma au udongo. Ufalme wa Mungu hauletwi na ushindi wa Mashariki juu ya Magharibi, wala wa Magharibi juu ya Mashariki, na hautaletwa na chama chochote visiwani. Watu walioamini mwaka 1964 kwamba haki imefika, na walioamini mwaka 1992 kwamba uhuru umefika, walikuwa wakitamani kitu halisi. Kiu yao ilikuwa ya kweli. Kisima kimoja tu ndicho kisichokauka.

Kulijua hilo hakumfanyi mwamini akae akisubiri mikono mitupu. Anayengoja ufalme usio na kiambaza huanza kuishi bila kiambaza leo. Jirani asiyesoma Danieli atausoma ufalme huo katika namna anavyotendewa.

Maswali ya Kujadili:

1. Jadilini darasani tofauti kati ya kugawana mali kwa upendo katika Matendo 4 na kugawana kwa amri ya serikali. Ni makosa gani yanaweza kutokea kwa anayemiliki bila kugawa?

2. Wakubwa wa dunia walipatana, lakini Somalia ilivunjika kwa silaha walizoziacha. Ni "silaha" gani ambazo wazazi waliogombana huwaachia watoto wao, hata baada ya wao wenyewe kupatana?

3. Mshiriki mmoja anasema, "Mimi sihudhurii maziko ya watu wale, kwa sababu walimsusa baba yangu mwaka 1996." Mtamjibu nini kwa upole, bila kuyadharau maumivu yake? Tumieni Warumi 12.

4. Je, mwamini anaweza kuwa mwanachama wa chama cha siasa na bado akawa mpatanishi? Ni mipaka gani atakayojiwekea katika ulimi wake na katika kanisa?

5. Kabla ya kufunga, kila mwanafunzi ataje kimyakimya moyoni jina la mtu mmoja aliyetengana naye. Ombeni pamoja kwa ajili ya majina hayo, na kwa ajili ya viongozi wa Zanzibar na wa Muungano.